Seva ina intaneti, kompyuta za ndani hazina: mwongozo kamili wa kufuata pakiti

Uko mbele ya seva ya fayawoli. Ukipiga ping kwenda nje kutoka hapo, majibu yanarudi vizuri. Ukienda kwenye kompyuta ya mtumiaji, kivinjari kinazunguka tu mpaka kinaleta ujumbe wa kosa. Watu wanasubiri, na mkono unakuwasha kufuta kanuni zote ili uone kama itasaidia.

Usifute. Amri ya `iptables -F` (iptables ni programu ya kanuni za fayawoli ya Linux) huondoa kanuni lakini haigusi sera ya mnyororo, yaani uamuzi wa mwisho kwa pakiti ambayo hakuna kanuni kwenye orodha iliyoiamulia. Kama sera ya INPUT, mnyororo wa pakiti zinazoelekea kwenye seva yenyewe, ni DROP (tupa) na umeingia kwa mbali kwa SSH, umejifungia nje papo hapo. Na hata kama sera ni ACCEPT (kubali), umefuta pia ushahidi wa kilichokuwa kibovu.

Njia ninayoitumia mimi ni kuchukua pakiti moja (kipande kidogo cha data) kutoka kompyuta moja na kuifuata mpaka nijue imekufia wapi. Kanuni siigusi kabla ya hapo. Mwanzoni unaona kama inachelewesha, lakini ndiyo inayomaliza kazi haraka.

Katika mwongozo huu seva ni ya Linux, ina kadi mbili za mtandao. `enp1s0` inaelekea nje, kwa mtoa huduma. `enp2s0` inaelekea ndani, na anwani yake ni 192.168.10.1. Mtandao wa ndani ni 192.168.10.0/24, na kompyuta inayolalamikiwa ni 192.168.10.25. Weka majina na namba zako mahali pake. Amri za upande wa seva zinahitaji mamlaka ya root.

Kwanza, jiwekee njia ya kurudi

```
iptables-save > /root/kanuni-kabla.txt
nohup sh -c 'sleep 600; iptables-restore < /root/kanuni-kabla.txt' &
```

Amri ya kwanza inahifadhi nakala ya kanuni zilivyo sasa. Ya pili inazirudisha zenyewe baada ya dakika 10, hata kama umekatika na huwezi kuingia tena. Ukimaliza salama, isimamishe kabla muda haujafika. Ukihitaji muda zaidi, iue na kuianzisha upya.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kompyuta ya mtumiaji

Uliza maswali mawili kabla ya kuandika amri yoyote. Tatizo ni la kompyuta moja au zote? Na ni kila kitu hakifunguki, au ni baadhi ya tovuti tu? Ikiwa ni kompyuta moja, mara nyingi kosa liko kwenye kompyuta hiyo au kebo yake. Ikiwa ni zote, tazama seva. Ikiwa ni baadhi ya tovuti, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6 na ya 7.

Kwenye Windows andika `ipconfig /all`. Kwenye Linux andika `ip addr` kisha `ip route`. Soma vitu vinne: anwani, maski, lango (kifaa cha kutokea nje) na seva ya DNS (inayogeuza majina kuwa namba). Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani) na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Hapo hakuna haja ya kuzungumzia NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje); tafuta kwa nini DHCP haijibu.

Kuna hali nyingine inayodanganya zaidi: anwani inaonekana ya kawaida, lakini lango si 192.168.10.1. Mara nyingi mtu amechomeka rauta yake ndogo kwenye swichi, nayo inagawa anwani zake. Kwenye Windows, mstari wa `DHCP Server` utakuonyesha nani aliyetoa anwani hiyo. Ukiona si seva yako, kamtafute huyo mgeni.

Sasa panda ngazi hii kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji, ngazi moja baada ya nyingine:

```
ping 192.168.10.1
ping anwani-ya-nje-ya-seva
ping lango-la-mtoa-huduma
ping 1.1.1.1
nslookup example.com
```

Ngazi ya kwanza ikigoma, tatizo ni kebo, swichi, VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi), au kanuni za INPUT zinazozuia ping. Ngazi ya pili inapotosha watu wengi. Ping kwenda anwani ya nje ya seva ikijibiwa, wanahitimisha kwamba pakiti zinavuka. Hazijavuka. Linux hujibu kwa anwani yake yoyote, kadi yoyote ile pakiti ilipoingilia, kwa hiyo pakiti hiyo imeishia ndani ya seva yenyewe, kwenye INPUT. Kuvuka kwenyewe kunaanza kwenye ngazi ya tatu. Hiyo ikigoma wakati ya pili imepita, kosa karibu hakika ni kupitisha pakiti, kanuni za FORWARD (mnyororo wa pakiti zinazovuka seva kwenda kwingine), au NAT.

Kama huna uhakika iwapo ping imezuiwa kwa makusudi mahali fulani, jaribu TCP: `nc -vz 1.1.1.1 443` kwenye Linux, au `Test-NetConnection 1.1.1.1 -Port 443` kwenye PowerShell.

Hatua ya 2: Seva yenyewe

```
ip addr
ip route
ping -c 3 1.1.1.1
ping -c 3 -I 192.168.10.1 1.1.1.1
```

Kwenye `ip route` tafuta mistari inayoanza na `default`. Kwenye mpangilio huu unatakiwa kuona mmoja, unaotokea `enp1s0`. Kosa la kawaida ni kuandika lango pia kwenye mipangilio ya kadi ya ndani, kwa kudhani kila kadi lazima iwe nalo. Kadi ya ndani haihitaji lango. Yenyewe ndiyo lango la wengine.

Amri ya mwisho naipenda sana. Inatuma ping kutoka kwenye seva lakini kwa kuvaa anwani ya ndani. Pakiti hiyo haipiti FORWARD, kwa kuwa imezaliwa kwenye seva, lakini inapita POSTROUTING, mnyororo ambapo NAT hii hufanyika, kama pakiti za watumiaji. Ikijibiwa, NAT yako inafanya kazi kwa anwani za ndani, na shaka inabaki kwenye FORWARD. Isipojibiwa wakati ping ya kawaida inajibiwa, anza na NAT. Jaribio la sekunde 3 linagawa tatizo katikati.

Linganisha pia anwani za kadi mbili. Niliwahi kuitwa kwenye mtandao uliokuwa ukifanya kazi jana yake. Kanuni zilikuwa zile zile, hakuna aliyegusa seva. Nikaandika `ip route` na kuona 192.168.1.0/24 mara mbili: mstari mmoja wa `enp1s0`, mwingine wa `enp2s0`. Mtoa huduma alikuwa amebadilisha rauta yake usiku, na rauta mpya ilikuja na safu ya anwani ile ile iliyokuwa ikitumika ndani. Seva haikuweza tena kujua nje ni wapi na ndani ni wapi. Hakuna kanuni ya fayawoli ingeweza kurekebisha hilo. Tulihamisha mtandao wa ndani kwenye safu nyingine. Tangu hapo nikijenga mtandao mpya naepuka 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24 kwa upande wa ndani, kwa sababu rauta nyingi hutoka kiwandani na safu hizo.

Hatua ya 3: Je, Linux imeruhusiwa kupitisha pakiti?

```
sysctl net.ipv4.ip_forward
```

Jibu liwe 1. Likiwa 0, seva inatupa kimya kimya kila pakiti isiyo yake. Washa kwa `sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`, kisha andika mstari `net.ipv4.ip_forward = 1` kwenye faili kama `/etc/sysctl.d/99-lango.conf` ili mpangilio ubaki baada ya kuwasha upya. Bila faili hilo, seva ikizimika umeme leo usiku, asubuhi mtarudi mlipoanzia.

Hatua ya 4: Kanuni za FORWARD na NAT

```
iptables -L FORWARD -n -v --line-numbers
iptables -t nat -L POSTROUTING -n -v
```

Pakiti za watumiaji zinazokwenda nje hazipiti INPUT wala OUTPUT, ambazo ni za pakiti za seva yenyewe. Zinapita FORWARD. Nimeona watu wakiongeza kanuni za mlango wa 443 kwenye OUTPUT mpaka ukurasa unajaa, na bado hakuna kilichofunguka.

Kwenye FORWARD, angalia kwanza sera iliyoandikwa juu. Kama ni DROP, unahitaji walau kanuni mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi.

```
iptables -A FORWARD -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT
iptables -A FORWARD -i enp2s0 -o enp1s0 -s 192.168.10.0/24 -j ACCEPT
```

Mpangilio wa kanuni ni muhimu. Fayawoli inasoma kutoka juu kwenda chini na kusimama pale inapopata jibu. `-A` huweka kanuni mkiani. Kama juu yake kuna DROP au REJECT ya jumla, kanuni yako haitasomwa kamwe. Tumia `-I FORWARD 1` kuiweka kichwani, au namba ya mstari unaotaka.

Vihesabu vya pakiti, ile safu ya `pkts`, ndivyo vinavyosema ukweli. Viweke sifuri kwa `iptables -Z FORWARD`, anzisha ping kwenye kompyuta ya 192.168.10.25, kisha endesha `watch -n1 iptables -L FORWARD -n -v` na utazame ni mstari gani unapanda. Ukiona DROP inapanda kila sekunde, umeipata. Ukiona hakuna mstari unaopanda wala kihesabu cha sera, pakiti haifiki FORWARD kabisa. Rudi hatua ya 3 au uende ya 5.

Kwa NAT, kanuni inayohitajika ni hii:

```
iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.10.0/24 -o enp1s0 -j MASQUERADE
```

Hakikisha jina la kadi. Kadi hubadilika majina baada ya kubadilisha kifaa, na ukiunganishwa kwa PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) kadi ya nje ni `ppp0`, si ile yenye kebo. iptables haikulalamikii ukiandika kadi isiyokuwepo. Inapokea, na kanuni inakaa hapo bila kugusa kitu.

Kuna jambo hapa lililonipotezea saa nyingi. Jedwali la `nat` husomwa kwa pakiti ya kwanza tu ya kila muunganisho. Zinazofuata hutumia uamuzi uliokwisha kuhifadhiwa. Kwa hiyo kama ping inaendelea kwenye kompyuta ya mtumiaji, nawe ukaongeza MASQUERADE sahihi kabisa, ping ile ile inaweza kuendelea kushindwa, nawe ukadhani kanuni ni mbovu. Isimamishe na usubiri zaidi ya sekunde 30, au futa kumbukumbu yake kwa `conntrack -D -s 192.168.10.25`, kisha jaribu upya. Kwa sababu hiyo hiyo vihesabu vya `nat` ni vidogo sana ukivilinganisha na vya FORWARD, usishtuke.

Angalia pia kama kuna mwingine anayeandika kanuni. `nft list ruleset` inaonyesha kanuni zote za nftables (mfumo mpya wa fayawoli wa Linux), zikiwemo zilizoandikwa na programu nyingine. Ndani ya nftables, pakiti ikikubaliwa kwenye mnyororo mmoja bado inaweza kutupwa na mnyororo mwingine uliofungwa kwenye hatua ile ile. Lakini ikitupwa mara moja, imetupwa. Ndiyo maana kanuni yako ya ACCEPT inaweza kuhesabu pakiti vizuri na pakiti zisitoke. Docker (programu ya kuendesha kontena) nayo inaweza kubadilisha sera ya FORWARD kuwa DROP inapoanza. Kama umeiweka kwenye seva ya lango, kanuni zako za kuruhusu ziende kwenye mnyororo wa `DOCKER-USER`.

Hatua ya 5: Tazama pakiti kwa macho

Mpaka hapa umesoma mipangilio. Sasa fungua madirisha mawili kwenye seva:

```
tcpdump -ni enp2s0 icmp and host 192.168.10.25
tcpdump -ni enp1s0 icmp and host 1.1.1.1
```

Kisha kwenye kompyuta ya mtumiaji: `ping 1.1.1.1`. tcpdump huona pakiti inayoingia kabla fayawoli haijaigusa, na inayotoka baada ya fayawoli kumaliza. Ndiyo maana madirisha haya mawili yanatosha kuonyesha kila kitu kilichotokea katikati.

Ikiwa dirisha la ndani ni tupu, pakiti haijafika kwenye seva: tazama lango la kompyuta, kebo, VLAN.

Ikiwa ya ndani inaonekana na ya nje ni tupu, imefia ndani ya seva. Ni ip_forward, FORWARD, njia mbovu, au `rp_filter`, kichujio kinachotupa pakiti iliyoingilia kadi ambayo Linux haikuitegemea. Hiki cha mwisho huwakuta zaidi wenye watoa huduma wawili.

Ikiwa inatoka nje lakini chanzo kilichoandikwa ni 192.168.10.25, NAT haijaigusa. Anwani hiyo ni ya faragha, na hakuna rauta ya intaneti inayojua kuirudishia jibu. Mstari huo mmoja ni ushahidi tosha. Huhitaji kubahatisha tena.

Ikiwa inatoka na anwani sahihi na jibu halirudi, tatizo liko mbele yako, kwa mtoa huduma. Mpelekee matokeo hayo ya tcpdump.

Ikiwa jibu linarudi `enp1s0` lakini halionekani `enp2s0`, kanuni ya ESTABLISHED,RELATED haipo au iko chini ya DROP. Na ikiwa jibu limetoka `enp2s0` kabisa lakini mtumiaji hajalipata, kagua fayawoli ya kompyuta yake, au kama kuna kompyuta mbili zenye anwani moja.

Hatua ya 6: Namba zinafika, majina hayafiki

Ping ya 1.1.1.1 inajibiwa na tovuti hazifunguki. Hiyo ni DNS. Pima mara mbili kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji:

```
nslookup example.com 192.168.10.1
nslookup example.com 1.1.1.1
```

Ya pili ikifanikiwa na ya kwanza ikashindwa, huduma ya DNS ya seva yako haijibu. Maswali ya DNS yanayoulizwa kwa seva yenyewe hupita INPUT, si FORWARD. Ruhusu mlango wa 53 kwa UDP na kwa TCP pia, kutoka `enp2s0` tu. Kisha angalia kama kuna anayesikiliza: `ss -lnup | grep ':53'`. Ukiona 127.0.0.53 peke yake, huyo ni systemd-resolved anayehudumia seva yenyewe, na huenda dnsmasq (programu ya DNS ya kuhudumia mtandao wa ndani) imeshindwa kuanza kwa sababu imekuta mlango umeshikwa. `journalctl -u dnsmasq` itasema.

Hatua ya 7: Zinazofunguka nusu

Hili ndilo tatizo linalochosha kuliko yote: ping ni nzuri, DNS ni nzuri, baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine zinaning'inia. Anza na ukubwa wa pakiti. Ethernet ya kawaida hubeba baiti 1500. PPPoE inachukua 8, zinabaki 1492. Seva ya mbali ikituma pakiti ya 1500, kuna ujumbe wa ICMP (itifaki ile ile ya ping) unaotakiwa kuiambia ipunguze. Ujumbe huo ukizuiwa na fayawoli fulani njiani, pakiti kubwa zinapotea na ndogo zinapita. Muunganisho unaanza, ukurasa hauji.

```
ping -M do -s 1472 1.1.1.1
ping -M do -s 1464 1.1.1.1
```

Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472 1.1.1.1`. Ongeza baiti 28 za vichwa upate ukubwa kamili: 1472 ni 1500, na 1464 ni 1492. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikipita, weka kanuni hii, inayopunguza ukubwa wa pakiti za TCP:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -o ppp0 -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Na usizuie ICMP yote kwa jina la usalama. Fayawoli ya namna hiyo ndiyo inayozalisha tatizo hili kwa wengine.

Kama kukwama kunakuja saa za shughuli nyingi na kuondoka chenyewe, andika `dmesg | grep conntrack`. Maneno `table full, dropping packet` maana yake jedwali la miunganisho limejaa. Linganisha `net.netfilter.nf_conntrack_count` na `net.netfilter.nf_conntrack_max`, ongeza ya pili, na utafute kompyuta inayofungua miunganisho kupita kiasi, kwa sababu mara nyingi iko moja.

Vingine vitatu naviangalia haraka. Saa: kompyuta yenye tarehe mbovu hukataliwa na tovuti za HTTPS ingawa mtandao ni mzima. IPv6: kompyuta ikipewa anwani ya IPv6 na seva isipitishe IPv6, itajaribu njia hiyo kwanza na kuchelewa. Proksi: kama mnatumia Squid, `TCP_DENIED` kwenye `access.log` inaonyesha kwamba aliyekataa ni proksi, si fayawoli.

Hatua ya 8: Hifadhi, kisha washa upya

Kwenye Debian na ndugu zake, kifurushi cha programu cha iptables-persistent kikiwepo:

```
iptables-save > /etc/iptables/rules.v4
systemctl enable netfilter-persistent
```

Simamisha ile amri ya dakika 10 kabla haijarudisha kanuni za zamani juu ya mpya. Halafu chagua wakati usioumiza watu na uwashe seva upya, ukiwa karibu nayo. Ikiwaka, soma tena `sysctl net.ipv4.ip_forward`, `iptables -S FORWARD` na `iptables -t nat -S POSTROUTING`. Zikiwa sawa, rudi kwenye kompyuta ya 192.168.10.25, panda ngazi za hatua ya 1 kutoka juu hadi chini, fungua kivinjari, ndipo umwite mwenye kiti chake.